Pilsna ya Namba Tatu

Kama hujawahi kumwona mtu akiiheshimu bia, basi hukumwona Evaristo wa Kilema akiwa kazini. Saa nne kamili asubuhi, tumbo halijajaa wala halijalia njaa, alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake katika chumba cha kuonjea, mikono imenawa kwa maji matupu, maana sabuni ya kunukia ilikuwa marufuku kwenye meza ile. Pilipili ilikuwa marufuku tangu jana yake. Manukato yalikuwa marufuku tangu uzaliwe. Aliwahi kumrudisha nyumbani afisa mzima wa mauzo kwa sababu ya mafuta ya nywele, na yule bwana akaenda bila kubisha.

Aliinua glasi akaielekeza dirishani, akaitazama rangi. Akatazama povu, akahesabu moyoni lilikaa muda gani. Kisha akaifunika glasi kwa kiganja, akaizungusha mara tatu, akafunua na kuiingiza pua. Waswahili wanasema ukubwa wa pua si wingi wa makamasi. Ya Evaristo ilikuwa kubwa, lakini ilikuwa na kazi yake. Pua hiyo iliwahi kusema kimea kimepata unyevunyevu kabla gunia halijafunguliwa. Iliwahi kutambua bomba lililosafishwa vibaya, na fundi aliyelisafisha akakiri papo hapo. Miaka thelathini na mmoja kwenye bia si mchezo, jamani. Tisa ya mwisho aliimalizia hapa, kwenye kiwanda kidogo cha Mama Ruth, njia ya kuelekea Kiboriloni, chenye matangi sita na paa la bati jekundu.

Mwisho wa mwezi ule Evaristo alikuwa anastaafu, na Mama Ruth alikuwa ametoa ahadi. Kiwanda kinatoa pilsna yake ya kwanza, alisema, na chini ya lebo, kwa herufi ndogo lakini zinazosomeka, litaandikwa jina la mpishi wake. Wapishi wawili walipika. Denis, kijana wa Marangu aliyefundishwa na Evaristo mwenyewe, alijaza tangi lake. Na Evaristo akajaza la kwake. Meza ndiyo ingeamua. Evaristo hakumwambia mtu yeyote, hata mkewe, jinsi alivyolitaka lile jina chini ya lebo. Alikuwa amepika bia za watu miaka yote hiyo, malori kwa malori, na hakuna hata chupa moja duniani iliyomjua.

Sasa, pilsna si bia ya kuchezea. Bia nyeusi ukiikosea, inakuficha. Ule weusi na ule ukali wa kimea kilichokaangwa unafunika mengi. Pilsna haina pa kujificha. Ina rangi ya dhahabu iliyo wazi kiasi cha kusomea gazeti, povu jeupe, harufu ya majani mabichi kutoka kwenye maua ya hopsi, na uchungu unaokuja taratibu, ukakaa kidogo ulimini, ukaaga kwa adabu. Kosa likiingia, hata dogo kama punje ya ulezi, linasimama katikati ya glasi na kukusalimia. Ndiyo maana Evaristo aliipenda kuliko bia zote. Alikuwa akiwaambia wanafunzi wake kwamba anayeweza kupika pilsna anaweza kuungama bila kuogopa padri.

Asubuhi ile ya kwanza meza ilikuwa na watu watano na kila mtu glasi tano, zimeandikwa namba tu. Namba moja na namba tatu zilitoka kwenye matangi ya kiwanda. Mbili, nne na tano zilinunuliwa madukani ili kulinganisha. Aikande, mwenye kutunza fomu, alikuwa amezimimina mwenyewe na kufunga mdomo. Walionja kimya. Unanusa, unaonja, unameza, maana bia haitemwi kama wanunuzi wa chai wanavyotema wakionja. Uchungu wake unausikia kooni. Unatafuna kipande cha mkate mkavu, unakunywa maji, unaandika. Alama zote ni hamsini.

Evaristo alipofika namba tatu alijua. Hakuhitaji kuambiwa, mama hahitaji kuambiwa mwanawe ni yupi. Namba moja ilikuwa safi, imenyooka, lakini kwake ilikuwa kama mtu aliyekuja msibani akakaa mlangoni. Namba tatu iliingia ndani ikakaa. Ilikuwa na ukarimu fulani asioweza kuuandika kwenye fomu. Aliipa arobaini na sita, kisha akazisikiliza alama za wengine zikisomwa. Mama Ruth, arobaini na tano. Aikande, arobaini na saba. Denis, ambaye Mungu amzidishie, maana alijua fika kwamba hiyo si yake, aliipa arobaini na nne na ya kwake akaipa arobaini na moja.

Ikabaki fomu ya Brenda.

Brenda Msengi alikuwa na wiki tatu tu kiwandani. Alikuwa binti wa maabara, miaka ishirini na minne, mkimya, na mezani alikaa kwenye kiti cha Primus aliyevunjika mguu kwa pikipiki. Wazazi wake walitoka Singida. Baba yake alikuja kukata miwa kwenye mashamba ya sukari huko tambarare, kusini mwa mji, akaoa, akazaa, akabaki. Kwa hiyo Brenda alizaliwa hapa, alisoma hapa, lakini mlima aliuona kwa mbali tu, siku mawingu yalipotaka.

Namba tatu aliipa ishirini na nane.

Watu walimgeukia. Mama Ruth akamwuliza kwa upole kama hakukosea namba. Brenda alishika fomu yake kwa mikono miwili, akamtazama Evaristo kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa meza.

"Samahani, mzee. Namba moja ndiyo pilsna. Hii namba tatu ina ndizi mbivu."

Walicheka, bila ubaya. Aikande alisema kwamba Kilimanjaro hata biblia inanuka ndizi, kwa hiyo bia ina kosa gani. Denis akatia pua tena kwenye glasi, akavuta mpaka povu likamgusa, akatikisa kichwa: hakuna ndizi. Mama Ruth hakusikia ndizi. Aikande hakusikia ndizi. Evaristo alinusa mara tatu, mara ya tatu amefumba macho, na alichosikia kilikuwa kimea, hopsi na ule ukarimu. Ndizi hakuna.

Lakini moyo wake haukucheka. Sikiliza kwa nini.

Hamira ya pilsna inataka baridi. Kitabu kinasema nyuzi kumi, na Evaristo alianza na kumi. Lakini kila alipoionja, aliiona bia imenuna. Akaongeza nyuzi mbili. Akaonja, bado. Akaongeza mbili nyingine, tena mbili, mpaka asubuhi moja akafungua koki, akanusa, na bia ikafunguka, ikacheka naye. Aliandika nyuzi kumi na sita kwenye daftari la tangi kwa mkono wake, kwa sababu hakuwa mwongo. Na kitabu hichohicho, kurasa chache mbele, kwenye orodha ya makosa, kinasema: hamira ikifanya kazi kwenye joto, bia itanuka ndizi mbivu. Ukurasa huo Evaristo alikuwa akiwasomea wanafunzi kila mwaka. Yeye mwenyewe hakuwahi kuisikia harufu hiyo hata siku moja, na alishaamua zamani kwamba ni udhaifu wa Wazungu wasiojua ndizi.

Kwa hiyo yule binti, asiyejua lolote juu ya daftari, alikuwa ametaja kosa lilelile ambalo joto lile lingezaa.

Mtu mwingine angemnyamazisha. Alikuwa mkubwa wa meza, ana mvi, na kura zilikuwa nne kwa moja. Evaristo akasema uamuzi usubiri. Mama Ruth akampa wiki mbili na nusu, mpaka Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Mchoraji wa lebo alikuwa anasubiri jina.

Kesho yake alimwita Brenda peke yake. Niseme ukweli: alikusudia kumwangusha. Aliandaa mtihani wa glasi tatu, ambao wanaoonja bia wote wanaujua: mbili zina bia ileile, moja ina nyingine, nawe utaje iliyo tofauti. Akapika mitego. Mara ya kwanza aliweka glasi mbili za namba moja na glasi moja ya namba tatu. Brenda hakumaliza hata kunusa. Mara ya pili akabadilisha nafasi; binti akaitaja. Mara ya tatu alichanganya, nusu kwa nusu. Akaitaja. Mara ya nne alichukua glasi ya namba moja akaitia vijiko viwili tu vya namba tatu, vijiko vya chai. Hapo Brenda alitulia. Alifunika glasi kwa kiganja, akaipasha joto kidogo kwa mkono, akafunua, akanusa kwa kifupi kama anayechungulia. Akasukuma glasi ya kulia mbele. Ilikuwa ndiyo.

Evaristo alianza kusahau alichokuja kufanya. Kwa miaka mingi hakuwa ameona mtu akinusa hivyo. Wengi huvuta hewa kama wanataka kupiga mbizi, na pua ikachoka kabla ya kazi. Binti huyu alinusa kidogo, akapumzika, akatazama dirishani, akarudi. Hakuna aliyemfundisha. Mara ya tano alipata. Mara ya sita Evaristo alifanya jambo la aibu kidogo: alijaza glasi zote tatu kwa bia moja, namba moja ya Denis, akaziweka mbele yake na uso wa mtu mwema.

Brenda alikaa nazo muda mrefu kuliko zote. Alirudia ya kwanza, akarudia ya tatu, akanywa maji. Kisha akasema hapa haoni tofauti, zote anaona ni bia moja, labda pua yake imechoka, anaomba radhi. Ila ya katikati, akaongeza, glasi yake imefutwa kwa kitambaa, na nyingine zimekauka zenyewe.

Ilikuwa kweli. Ile ya katikati ilikuwa bado na maji na Evaristo aliifuta kwa kitambaa cha jikoni kwa haraka.

Akaweka mikono yake mezani akaitazama. Alitaka kupiga makofi, na alitaka kulia, na mtu mwenye umri wake hawezi kufanya yote mawili mbele ya binti wa maabara. Akamwuliza tu alijifunzia wapi. Brenda akasema hakujifunza, mzee, anasikia tu. Kisha akaona labda jibu hilo lina kiburi, akaeleza zaidi.

"Mimi pia sisikii kila kitu. Molasi, kwa mfano. Nimezaliwa nyuma ya kiwanda cha sukari. Wageni wanashuka kwenye gari wanaziba pua, sisi tunawashangaa. Nilipelekwa kwa bibi Singida kusoma. Niliporudi likizo nikaisikia kwa mara ya kwanza, nikadhani kuna kitu kimemwagika. Nikakaa wiki moja, ikapotea tena."

Alisema hivyo bila kufundisha mtu, na bila kumtazama. Lakini Evaristo alibaki amekaa pale muda mrefu baada ya binti kuondoka. Aliifikiria nyumba yake huko Kilema, iliyozama ndani ya kihamba, shamba la ukoo, migomba mbele na migomba nyuma. Utotoni alilala juu ya magodoro ya majani ya mgomba. Bibi yake alipika pombe ya mbege kwenye pipa nyuma ya jiko, ndizi zikichachuka mchana kutwa, na yeye alianza kuinusa kabla hajaanza kutembea. Denis hivyohivyo. Aikande hivyohivyo. Mama Ruth, pamoja na gari lake na simu zake mbili, hivyohivyo. Meza nzima ya waonjaji imelelewa ndani ya harufu moja, halafu inaulizwa kama harufu hiyo ipo. Nyani haoni kundule, na hapa walikuwa nyani wanne na fomu mkononi.

Alikwenda kwa Mama Ruth akaomba siku kumi na tatu za likizo alizokuwa anadai. Hakusema za nini.

Mdogo wake Sirili alikuwa afisa mifugo huko Simanjiro, nchi kavu, ya ng'ombe na vumbi, ambako mgomba ukiuona umechorwa. Bernadetha, mke wa Evaristo, aliposikia mume anakwenda kumtembelea shemeji yake, akafanya ambacho mke yeyote wa mlimani angefanya: akamwangushia mkungu mkubwa, akaufunga vizuri kwa majani makavu. Evaristo akasema hauchukui. Hapo ndipo kulipokuwa na shida. Mchagga anakwenda kwa ndugu yake mikono mitupu? Watu watasemaje? Bernadetha akauliza kama kuna ugomvi ambao haujui. Akauliza kama daktari amemkataza. Evaristo akasema ni mambo ya kazi, na kwa kuwa hilo halikueleweka hata kidogo, waliagana kwa ubaridi, na mkungu ukabaki mlangoni umekaa kama mgeni aliyefukuzwa.

Alikaa siku kumi na mbili Simanjiro. Alikula ugali kwa maziwa, ugali kwa nyama, nyama bila ugali. Shemeji yake, mke wa Sirili, siku ya tano alipata ndizi kwa mtu aliyetoka mjini, akafurahi kumpikia mgeni machalari. Evaristo akatoka nje akakaa na ng'ombe mpaka sufuria likaoshwa. Sirili alianza kuamini kaka yake amepatwa na jambo. Mchana alitembea peke yake kwenye vichaka, akivunja vijani na kuvinusa, kama mtu anayenoa panga. Na alikuwa na hofu, tusimfiche. Hofu ya kwanza ilikuwa kwamba safari itashindikana na atarudi na pua ileile. Hofu ya pili, iliyo kubwa zaidi, ilikuwa kwamba itafaulu.

Siku ya kumi na tatu, Alhamisi, Sirili alimrudisha kwa pikapu mpaka barabarani, na Evaristo akapanda njia ya kwao kwa miguu. Ilikuwa saa tisa mchana, mvua ilikuwa imepita muda si mrefu. Alitembea akiwaza mambo ya kesho. Alipopinda kona ya kwa jirani na kuingia kwenye kivuli cha migomba ya kwanza, akasimama.

Ilimjia yote kwa pamoja. Ndizi mbivu, tamu, nzito, na nyuma yake majani makavu yaliyolowa, na nyuma yake uchachu wa mahali fulani ambako mtu alikuwa anapika mbege. Ilikuwa kila mahali. Ilikuwa kwenye ukuta, kwenye njia, kwenye shati la mzee aliyepita akamsalimia. Evaristo alikuwa na miaka hamsini na tisa, amezaliwa hatua mia mbili kutoka pale, na hakuwahi kusikia kwao kunanukaje. Alishika shina la mgomba akalia bila sauti, na hakujua kama ni kwa furaha ama kwa kuwa amechelewa hivyo.

Bernadetha alimkuta getini amesimama kama mtu aliyesahau mlango. Akamtazama macho, akasahau ugomvi wa mkungu, akamwuliza anaumwa nini.

"Hivi hapa kwetu kunanukia hivi siku zote?" Evaristo akauliza.

Mkewe akainua uso, akanusa kulia, akanusa kushoto, akitaka kweli kumsaidia. "Mimi sisikii kitu," akasema.

Asubuhi, Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa nne kamili, meza ilikaa. Safari hii Evaristo aliomba Brenda amimine, peke yake, na apange glasi atakavyo, namba zifichwe chini. Denis alikuwa amenyoosha shati kama anakwenda kipaimara. Alimwamkia Evaristo, "Shikamoo, meku," kama watu wa mlimani wanavyomwita mzee wao, na mzee akaitikia kwa sauti ya chini.

Glasi ya kwanza, hakuna ndizi. Ya pili, safi, hopsi mbichi, uchungu ulioaga kwa adabu. Ilikuwa ya Denis, na Evaristo aliona sasa, kwa mshangao, jinsi ilivyopikwa vizuri. Haikuwa imekaa mlangoni hata kidogo. Yeye ndiye aliyekuwa hajamkaribisha. Kijana alikuwa amefanya kila kitu kama inavyotakiwa, akakubali mwalimu wake amshinde kwa kosa.

Glasi ya nne hakuhitaji kuiinua. Ilimfikia ikiwa bado mezani. Ndizi mbivu, waziwazi, kama mtu ameimenya pale kwenye fomu. Aliinua akanusa kwa kifupi, kama alivyomwona Brenda akifanya, na kihamba chote cha Kilema kikasimama ndani ya ile glasi: mvua, kivuli, pipa la bibi yake. Sasa alijua ule ukarimu ulikuwa nini. Alikuwa hajawahi kuipenda bia yoyote kama alivyoipenda hiyo kwa dakika ile. Alichukua kalamu akaipa ishirini na sita, mbili chini ya Brenda.

Alama ziliposomwa, Mama Ruth alishangaa. Yeye alikuwa ameipa arobaini na sita tena. Evaristo akaeleza yote: daftari, nyuzi kumi na sita, Simanjiro, mkungu ulioachwa mlangoni. Aikande alicheka aliposikia habari ya mkungu. Evaristo akasema mbele ya wote kwamba pua nzuri kuliko zote alizokutana nazo kwa miaka thelathini na mmoja ilikuwa imekaa kwenye kiti cha Primus, na kwamba walioicheka, na yeye aliyetaka kuiangusha, wanatakiwa kuisikiliza. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Brenda aliangalia chini, masikio yamemwiva.

Lakini Mama Ruth ni mfanyabiashara, na maneno yake hayakuwa ya kijinga. Akasema wateja wao karibu wote ni watu wa hapahapa, Moshi na mlimani. Watu hao wana pua kama yake. Wataipenda namba tatu kama yeye anavyoipenda, hakuna atakayesikia ndizi mpaka kiyama, na jina la mzee litakaa kwenye chupa kama alivyostahili. Aliyasema kwa kumpenda, na Evaristo alijua hivyo. Hata Denis aliitikia kwa kichwa, akasema meku akubali.

Evaristo aliitazama ile glasi. Alilitaka lile jina bado. Lilikuwa linamwuma kama jino.

"Mama, ni bia nzuri. Ningekuwa napika kwa ajili ya kwetu tu, nisingepika nyingine. Lakini kwenye chupa tutaandika pilsna, na binti wa watu kutoka Singida ataifungua akitegemea pilsna. Ya Denis ndiyo pilsna. Andikeni Denis."

Mama Ruth akasema basi, wasikimbilie kumwaga tangi zima. Walale na neno hilo, waamue Jumatatu. Hapo Evaristo alisimama.

"Msisubiri Jumatatu. Nikilala nyumbani siku tatu hii pua italala tena. Jumatatu nitakuja hapa siisikii, na nitawabishia wote, na mtanisikiliza kwa sababu ni mzee. Tumwage leo, wakati bado najua."

Walikwenda naye mpaka kwenye matangi, wote wanne nyuma yake. Denis alitaka kumsaidia kufungua koki. Akamwambia aache, ni ya kwake. Bia ikatoka ya dhahabu, wazi, povu lake jeupe likajaa mferejini, na Mama Ruth akasema taratibu kwamba ina rangi nzuri jamani. Evaristo alichutama pale sakafuni kwenye maji, suruali yake safi ikilowa magotini, akaikaribia mpaka povu likamgusa usoni. Brenda akachutama pembeni yake. Harufu ya kwao ilijaa kiwanda kizima, na waliokuwa wakiisikia ni watu wawili tu. Evaristo aliinusa mpaka ikaisha.